Injini ya zamani ya boti haitoi moto: uazime spea, upime kwa mita, au uipeleke kwa fundi?

Alfajiri pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, boti za omena (dagaa) zinapoingia, mara nyingi kuna mmoja ambaye hajatoka kabisa usiku huo. Unamsikia kabla ya kumwona: anavuta kamba, kimya, anavuta tena, kimya. Akifika mara ya ishirini watu wameshamzunguka na ushauri umeanza. Mmoja anamwambia, "Toa koili kwa mashine yangu ujaribu nayo." Mwingine anasema aitwe yule kijana mwenye mita ya kupimia umeme. Wa tatu anamsihi asijichoshe, apakie injini aipeleke mjini kwa fundi mwenye karakana.

Nimesimama kwenye duara hilo mara nyingi, kwa injini yangu na kwa za wenzangu, na naweza kusema wote watatu huwa na lao la kweli. Shida ni kwamba kila njia huona magonjwa fulani na kupitwa na mengine. Ukishika njia isiyouona ugonjwa wako, utatoa pesa, utapoteza siku mbili tatu za kazi, na mashine itakuzimikia tena palepale ilipokuzimikia.

Nazungumzia injini za zamani za kuchanganya oili na petroli: Yamaha Enduro zilizotumika miaka mingi, na Johnson na Evinrude chache ambazo wenyewe bado wanazitunza. Zile za zamani kabisa zina platini (ncha mbili za chuma zinazofunga na kufungua ili moto utokee) na kondensa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku juu ya injini. Zilizofuata zina CDI, mfumo wa moto wa kielektroniki, ambapo koili ya chaji (msokoto wa waya) iliyo chini ya flaiwili inajaza kapasita, yaani kihifadhi umeme, ndani ya kisanduku, koili ndogo ya palsa inatoa ishara, na kisanduku kinaachilia umeme wote kwa mpigo mmoja kwenda kwenye koili ya plagi. Utengenezaji wa Evinrude ulisimamishwa mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limeshatoka sokoni kabla ya hapo. Mwenye mashine hizo hana nafasi ya kununua spea kwa kubahatisha, maana nyingi atakazopata ni za mtumba au za kuagiza kutoka mbali.

Mambo ya kulinganishia

Nitaziweka njia zote tatu kwenye mizani ileile: pesa zinazotoka mfukoni, muda ambao boti itakaa mchangani, ugonjwa ambao njia hiyo inauona na ule unaoipita, madhara ambayo njia yenyewe inaweza kuiletea injini, na mtu inayemfaa.

Mimi uzito mkubwa nauweka kwenye lile la tatu. Injini ikizimika karibu na ufuo ni usumbufu. Ikizimika nyuma ya kisiwa cha Ndere usiku, upepo umeinuka na gugu maji limeziba njia, ni roho za watu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa njia yoyote ni hili: ikiniambia "imepona," nina sababu gani ya kuiamini?

Dakika kumi kabla ya kuchagua

Kuna kazi ndogo ambayo kila mtu aifanye, hata kama tayari ameamua kwenda kwa fundi. Fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli na injini haishiki, mafuta yanafika, kinachokosekana kinaweza kuwa moto, yaani cheche ya plagi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, ugonjwa uko upande wa tangi, mpira wa mafuta au kabureta, na hata koili mpya haitakusaidia.

Halafu angalia klipu ya kamba ya usalama, ile unayojifunga mkononi au kwenye jaketi. Ikiwa haijakaa mahali pake, injini haitatoa moto hata kidogo. Kwenye mashine hizi, za platini na za CDI, swichi ya kuzima hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa moto kwenye bodi. Waya wa swichi ukichubuka ukagusa chuma, ni sawa na mtu kuibonyeza swichi saa zote. Uchomoe waya huo pale unapoungana na injini, kisha ujaribu. Moto ukirudi, umeipata shida bila kununua kitu. Ila kumbuka kwamba ukiuchomoa, kitufe hakizimi tena. Itabidi uzime kwa kuvuta choki. Na usiingie ziwani kabla hujaurekebisha na kuurudisha. Mtu akianguka majini huku injini inaendelea kuzunguka, propela inamrudia.

Sasa tazama cheche zenyewe. Ondoa mpira wa mafuta, futa petroli iliyomwagika, sogeza tangi mbali. Chomeka plagi kwenye kofia yake na uigusishe chuma chake kwenye bodi ya injini, mbali na matundu ya silinda. Kama kuna plagi mbili, zote mbili ziguse bodi, kwa sababu kuzungusha injini ya CDI huku waya wa plagi ukining'inia hewani kunaweza kuua koili au kisanduku. Usishike waya kwa mkono. Umeme wa CDI si wa kuchezea. Vuta kamba kwa nguvu, kwa sababu ukivuta kivivu hata mashine nzima inaweza kukunyima moto. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia "ta!" Ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, ni dalili ya udhaifu.

Hapo weka tahadhari. Plagi ikiwa nje hutoa cheche kwa urahisi kuliko ikiwa ndani, penye mgandamizo. Ndiyo maana vitabu vya Johnson na Evinrude za zamani hutaka cheche iruke uwazi mkubwa zaidi ya ule wa plagi: milimita 6 hivi kwa mashine ya platini, na karibu milimita 11 kwa ya CDI. Kifaa cha kupimia uwazi huo ni kidogo na cha bei ya chini, na kila ufuo ungestahili kuwa na kimoja.

Jambo la mwisho la kutazama: moto umekosekana silinda moja au zote? Ukikosekana moja tu, wa kushukiwa ni plagi, kofia, waya, koili ya upande huo, au platini ya upande huo. Ukikosekana zote, shuku kile wanachoshirikiana: swichi ya kuzima, koili ya chaji, kisanduku cha CDI. Swali hili moja linakuondolea nusu ya kazi.

Njia ya kwanza: kuazima spea nzima na kubadilisha

*Pesa.* Karibu bure, ukiwa na jirani mwenye injini ileile na moyo mwema. Ukianza kununua kipande kimoja kimoja dukani ili "kujaribu," inageuka kuwa njia ya gharama kuliko zote, kwa maana vifaa vya umeme vikishafunguliwa havirudishwi.

*Muda.* Nusu saa kwa plagi na kofia, saa moja kwa koili iliyo nje. Kwa mtu ambaye samaki wake wako ndani ya barafu inayoyeyuka, hakuna inayoifikia.

*Inachokiona.* Njia hii ina nguvu moja ambayo watu wa mita huidharau: inaukamata ugonjwa wa joto. Injini inashika asubuhi vizuri, inakwenda dakika ishirini, inazimika kana kwamba umeibonyeza swichi. Ukikaa nusu saa ukingoja, inashika tena. Ndani ya koili kuna waya mwembamba sana, mwembamba kama unywele, uliokatika mahali fulani. Ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Kisanduku cha CDI nacho kinaweza kuugua hivyo.

Yalinipata mimi. Tulikuwa tumepita Ndere tukirudi Kisumu, na kijana wangu wa nyuma akaniita, "Mzee, imenyamaza tena." Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Nilikuwa nimeshapima kila kitu kwa mita, na kila namba ilikuwa sawa, kwa sababu nilipima asubuhi injini ikiwa imelala baridi. Jirani yangu pale Dunga alinipa koili yake. Tulizunguka nayo saa nzima karibu na ufuo bila kukatika hata mara moja. Ile koili mbovu sikuitupa. Niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nyaya zikiwa nje, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, nikashikilia ncha za mita. Dakika chache za mwanzo namba ilisimama vilevile. Halafu ikaanza kutikisika, ikaruka, ikabaki ile 1 pekee upande wa kushoto, ambayo kwenye mita za bei nafuu maana yake ni njia imekatika. Nikaitoa, ikapoa, namba ikarudi.

Ukiwa na injini ya silinda mbili yenye koili mbili zinazofanana, huhitaji hata jirani. Badilisha koili zenyewe upande kwa upande. Ugonjwa ukihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ukibaki silinda ileile, hiyo koili haina kosa. Panda juu kuelekea kwenye palsa, platini au kisanduku. Injini nyingine za silinda mbili zina koili moja yenye waya mbili, na kwa hizo hila hii haipo.

*Inachokikosa na madhara yake.* Kubadilisha hakukwambii kwa nini kitu kilikufa. Boti nyingi za omena hubeba betri ya taa. Mtu akiunganisha taa au honi ovyo na volti 12 zikaingia kwenye waya wa kuzima wa CDI, kisanduku kinaungua. Ukiazima kisanduku cha jirani kabla ya kuiona kasoro hiyo, unamuulia na chake, na sasa boti mbili ziko mchangani. Kabla ya kuazima kisanduku, ondoa kabisa kila waya wa betri uliokaribia injini.

Pia spea kuingia si kusema ni yake. Visanduku vya mashine za nguvu ileile, miaka tofauti, vinaweza kuwa na soketi moja na kazi tofauti. Linganisha namba iliyochapwa mgongoni. Hata plagi ina kanuni zake. Kwa NGK, B7HS ina uzi wa urefu wa milimita 12.7, na B7ES ina milimita 19. Herufi hiyo moja ikikuponyoka, ncha ya plagi inaingia ndani mno na pistoni inaweza kuigonga. Namba nayo ina maana: kwa NGK, 8 ni baridi kuliko 7, na kwenye injini inayotembea polepole na nyavu, plagi baridi mno hujaa masizi na oili haraka. Kuazima plagi ya bodaboda kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu si jambo la kufanya.

*Inamfaa nani.* Aliye kwenye ufuo wenye injini nyingi za aina moja. Mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka. Haimfai mwenye Evinrude pekee ufuo mzima, maana hana wa kumwazima.

Njia ya pili: kupima kwa mita

*Pesa.* Mita ya kawaida ya kidijitali hununuliwa kwa shilingi mia chache hadi elfu moja na ushee, na inakaa miaka. Kitabu cha ufundi cha injini yako ndicho nusu ya pili ya kifaa hiki. Bila kitabu unasoma namba zisizo na wa kuzihukumu, kwa sababu kila modeli ina vipimo vyake.

*Muda.* Asubuhi moja kwa anayejua, siku nzima kwa anayejifunza. Usipime usiku kwa mwanga wa simu huku umechoka. Rangi za nyaya zinadanganya.

*Inachokiona.* Nyaya zilizokatika, swichi inayogusa bodi, kofia ya plagi iliyokufa, koili ya chaji au ya palsa iliyokatika, muunganisho ulioota kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo chumvi si adui wetu wa kila siku. Lakini injini za mtumba zilizowahi kufanya kazi baharini huja na ugonjwa wao: fungua soketi zake za nyaya uone unga wa kijani. Mita itakuonyesha upinzani mahali ambapo pangekuwa na sifuri.

Anza na kofia ya plagi kwa sababu ni rahisi na inasahaulika. Nyingi zimezungushiwa kwenye waya kama skrubu. Izungushe kinyume itoke, ipime yenyewe. Zile zenye kizuizi ndani mara nyingi husoma karibu omu 5,000 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme). Kata milimita tano za mwisho wa waya uliochakaa, upate shaba safi, kisha urudishe kofia. Nimeona injini zilizotangazwa kufa zikifufuliwa na kazi hii ya dakika tano.

Kwenye koili ya plagi, upande wa kuingilia umeme una upinzani mdogo sana, mara nyingi chini ya omu moja, na upande wa plagi una mkubwa zaidi sana, mara nyingi wa maelfu. Hapo ndipo mita ya bei nafuu inapokosesha watu. Gusisha kwanza ncha zake zenyewe kwa zenyewe, ikisoma 0.4, hizo ni za nyaya za mita, na lazima uzitoe kwenye kila kipimo kidogo utakachosoma. Asiyefanya hivyo hutupa koili nzima akidhani imechoka.

Kwa mwenye platini, mita itakuonyesha kama zinafunga na kufungua, lakini jicho na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia uwazi) ndivyo vinavyomaliza kazi. Uwazi hutofautiana: Yamaha nyingi za platini hutaka karibu milimita 0.35, na Johnson na Evinrude nyingi za zamani karibu 0.5. Baada ya kusawazisha, pitisha kipande cha karatasi ngumu na safi katikati ya nyuso zake. Mafuta ya kidole chako tu yanatosha kuzuia moto, na platini mpya kutoka kwenye boksi zina tabia hiyo pia.

*Inachokikosa na madhara yake.* Kisanduku cha CDI hakiwezi kuhukumiwa kwa omu. Ndani yake mna daiodi na kapasita, na mita ya kawaida inaweza kukuonyesha chochote. Kinapatikana na hatia kwa kuwasafisha wengine wote. Kuna kipimo cha volti za kilele, yaani za juu kabisa ndani ya mpigo, lakini kinataka mita maalumu au adapta yake. Mita ya kawaida haiwahi kuushika mpigo mfupi namna ile, na itakupa namba ya chini hata kwenye mashine nzima. Na kama nilivyosimulia, mita juu ya injini baridi haiuoni ugonjwa wa joto. Ukitaka iuone, endesha mpaka izimike, kisha pima papo hapo kabla haijapoa.

Madhara ya njia yenyewe ni machache, na hiyo ni sifa kubwa. Mita haivunji kitu.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na duka: visiwa vya Mfangano na Remba, au zile fuo za Siaya ambako kwenda mjini na kurudi ni siku nzima. Mwenye injini ya aina adimu. Mtu mtulivu anayeandika anachokisoma. Kijana anayetaka kuwa fundi, hapa ndipo pa kuanzia.

Njia ya tatu: kuipeleka karakana

*Pesa.* Kuna usafiri, kuna kazi, kuna spea. Injini ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa kilo 35 hadi 40 hivi, kwa hiyo inabebeka. Ya 40 inataka watu wawili na gari. Ukiisafirisha kutoka Mbita au Luanda K'Otieno, hakikisha kichwa kiko juu kuliko mguu wa propela njia nzima, maji yaliyobaki mguuni yasije yakarudi kwenye silinda.

*Muda.* Siku kadhaa, na zaidi kama spea inaagizwa.

*Inachokiona.* Kila kilicho chini ya flaiwili, na hicho ni kingi. Fundi wa kweli ana pula, kifaa cha kuivutia flaiwili itoke, ana kitabu, ana kifaa cha volti za kilele, ana taa ya kuangalia majira ya moto. Kuna ufunguo mdogo wa umbo la nusu mwezi unaoifunga flaiwili kwenye shafti. Ukichubuka kidogo tu, moto unatokea lakini si wakati wake: injini inapiga kinyume, inakunyang'anya kamba mkononi, inapiga mlio kwenye kabureta. Mita haioni hilo, na kuazima koili kumi hakuoni. Vivyo hivyo sumaku iliyobanduka ndani ya flaiwili.

*Inachokikosa na madhara yake.* Karakana nyingi hujaribu injini ndani ya pipa la maji. Ndani ya pipa hakuna mzigo wa boti iliyojaa, na hakuna saa mbili za kwenda mfululizo. Ugonjwa wa joto unaweza kukaa kimya pale na ukaibuka siku ya pili ziwani. Mwandikie fundi historia, au umweleze pole pole: ilizimika baada ya dakika ngapi, ilizimika ghafla au ilikohoa kwanza, ilichukua muda gani kushika tena. Kuzima ghafla huelekeza kwenye moto. Kufifia taratibu, mara nyingi, kwenye mafuta. Maneno hayo yana thamani kuliko "haiwaki."

Na uliza ataitoaje flaiwili. Niliwahi kumwachia injini mtu mmoja mjini, nikarudi nikamkuta anaigonga shafti kwa nyundo. Flaiwili ilitoka. Uzi wa nati uliharibika, na sumaku moja ilibanduka ikabaki imening'inia. Nilikwenda na koili ya palsa iliyokatika, nikarudi na gharama mara tatu. Nilisikitika sana, kwa sababu pula ya kufaa haikuwa kitu kigumu kupata. Tangu hapo namwomba fundi mambo mawili kabla hajagusa: anionyeshe pula, na anirudishie kila spea anayoitoa. Fundi mzuri hachukii maswali hayo, na tuko nao wazuri, wengine chini ya mabati ya jua kali tu, wenye mikono unayoweza kuiamini.

*Inamfaa nani.* Mwenye injini inayopiga kinyume. Mwenye platini ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Anayebeba abiria.

Kulingana na hali yako

Kama injini inazimika ikipata joto na kushika ikipoa, anza kwa kuazima koili. Ukikosa wa kukuazima, pima yako ikiwa bado ina joto.

Kama ilikuwa nzima jana, usiku mvua ikanyesha na leo imekufa kabisa pande zote mbili, shika mita. Anza na swichi na waya wake, kisha soketi zilizoingia maji. Usikubali mtu akuuzie kisanduku kabla hayo hayajaisha.

Kama silinda moja ndiyo imelala na una koili mbili, zibadilishane nafasi kabla ya kumwita mtu yeyote.

Kama kuna mtu aliitoa flaiwili hivi karibuni na tangu hapo injini haiko sawa, nenda karakana moja kwa moja. Usiendelee kuvuta kamba. Inaweza kukuumiza mkono.

Kama uko kisiwani, usingoje ugonjwa. Weka ndani ya kopo lisiloingia maji plagi mbili za namba sahihi, kofia moja, koili moja ambayo umeshaijaribu ikafanya kazi, mita, na karatasi yenye vipimo vya injini yako ulivyovisoma ikiwa nzima. Karatasi hiyo ndiyo nimewahi kuitumia kuliko vyote, kwa sababu namba za mashine yako mwenyewe ikiwa na afya zinasaidia hata usipopata kitabu.

Kama una Johnson au Evinrude ya platini, na koili zake zimepasuka plastiki, jambo la kawaida kwa koili za umri huo, mita inaweza bado kukuambia ziko sawa. Amini macho yako. Ufa huo ukipata unyevu, umeme hupita hapo ukaenda kwenye bodi badala ya plagi.

Na kama unabeba watu, pitia njia yoyote kati ya hizi, ila usimalizie kwa kusema "imeshika." Ipakie boti mzigo wa mawe au mifuko ya mchanga, uwe na kasia na jaketi za kuokolea maisha, uzunguke saa nzima mahali ambapo watu wa ufuoni wanakuona. Zima. Ngoja dakika tano, muda ambao joto la injini bado limo ndani. Washa tena. Fanya hivyo mara tatu. Ikishika zote tatu kwa mvuto mmoja au miwili, pakia abiria.